CA yako ina ngapi kweli? Jinsi ya kukokotoa alama za kozi kwa uzito wake kabla ya UE

Kila semista, zikibaki wiki chache kuingia UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, swali linalozunguka Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Chang'ombe na kwenye vyuo vya katikati ya jiji ni lile lile: "Nahitaji ngapi ili nipate A?" Majibu mengi ni ya kukisia. Mtu anachukua asilimia za kazi zake za CA, yaani testi, asaimenti na kazi nyingine za ndani ya semista, anazijumlisha, anagawanya kwa idadi yake, anapata namba inayomfurahisha, kisha anapanga usomaji wake wote juu ya namba hiyo. Matokeo yakitoka anakuta B+ pale alipojihesabia A, na anaanza kumshuku mhadhiri ambaye hajakosea kitu.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya, kuzidisha na kujumlisha. Mwanafunzi wa sheria anaiweza sawasawa na wa uhandisi. Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba alama moja ya asaimenti na alama moja ya testi ni kitu kimoja. Nataka uifanye mwenyewe mapema, wakati bado kuna testi au UE mbele yako, kwa sababu hapo ndipo inapokusaidia kuamua.

Anza na uzito, alama baadaye

Kabla ya kushika kalkuleta, tafuta muhtasari wa kozi, ile karatasi ambayo mhadhiri huigawa au kuisoma wiki ya kwanza na wengi huitupa baada ya kunakili majina ya vitabu. Mwishoni mwake huwa pameandikwa namna kozi itakavyopimwa. Kama huna, mwombe CR, yaani mwakilishi wa darasa lako, na CR akisema "nadhani", nenda kwa mhadhiri mwenyewe. Hesabu yote inasimama juu ya namba hizi, kwa hiyo usikubali za kubahatisha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kawaida hugawa kozi kuwa CA 40 na UE 60. Lakini ndani ya ile 40 kila kozi ina mpangilio wake. Mmoja ataweka testi mbili za 15 na kuacha 10 kwa asaimenti. Mwingine ataweka testi moja ya 20, kwizi, na prezentesheni ya kikundi. Vyuo vingine vina mgawanyo tofauti kabisa wa CA na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo usichukue hesabu ya rafiki yako wa kozi nyingine ukabadilisha alama tu.

Kwa kila kazi andika vitu vitatu: alama ulizopata, alama kamili za kazi hiyo, na uzito wake, yaani inaingia kama alama ngapi kwenye jumla ya kozi. Kisha jumlisha uzito wa kazi zote za CA. Lazima ufike 40, au namba yoyote ambayo chuo chako kimeiweka. Ukipata 35, kuna kitu hujakiandika, labda mahudhurio au kazi ya maabara. Usiendelee mpaka ukijue.

Hapa kuna mtego mmoja wa maneno. Mhadhiri akisema "testi hii ni ya 15", anaweza kumaanisha inasahihishwa juu ya 15, au inasahihishwa juu ya 30 kisha inaingia kwenye CA kama 15. Muulize siku hiyo hiyo.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mwanafunzi wa mfano, tumwite Rehema, mwaka wa kwanza. Kozi yake ina CA 40 na UE 60. Kazi zake za CA ni hizi:

Testi ya kwanza: amepata 21 kati ya 30, uzito 15.
Testi ya pili: amepata 22 kati ya 40, uzito 15.
Asaimenti binafsi: amepata 44 kati ya 50, uzito 5.
Kazi ya kikundi: amepata 18 kati ya 20, uzito 5.

Kanuni ni moja kwa kazi zote: gawanya alama ulizopata kwa alama kamili, kisha zidisha kwa uzito.

Testi ya kwanza: 21 ÷ 30 × 15 = 10.5
Testi ya pili: 22 ÷ 40 × 15 = 8.25
Asaimenti: 44 ÷ 50 × 5 = 4.4
Kikundi: 18 ÷ 20 × 5 = 4.5

Jumla ni 27.65. Hiyo ndiyo CA ya Rehema kati ya 40. Ukitaka kuiona kwa asilimia, 27.65 ÷ 40 ni kama 69.

Sasa tazama njia mbili za mkato ambazo wengi huzitumia. Ya kwanza ni wastani wa asilimia: 70, 55, 88 na 90 zinajumlika kuwa 303, ukigawanya kwa nne unapata 75.75. Kwa 40, hiyo ni 30.3. Ya pili ni kujumlisha alama zote kama zilivyo: 105 kati ya 140, yaani asilimia 75, au 30 kati ya 40. Njia zote mbili zimempa Rehema zaidi ya alama mbili ambazo hana. Sababu ni kwamba amefanya vizuri kwenye kazi nyepesi na kuyumba kwenye nzito. Njia ya kwanza inazihesabu zote nne kana kwamba zina uzito sawa. Ya pili inaacha asaimenti itawale kwa sababu tu ilisahihishwa juu ya 50.

Ni kama kununua mchele Tandale: ukichukua kilo 9 za shilingi 2,500 na kilo 1 ya shilingi 3,500, hakuna atakayekuambia kwamba umenunua kwa wastani wa shilingi 3,000 kwa kilo. Umelipa 26,000 kwa kilo 10, basi kilo imekusimamia 2,600, karibu kabisa na bei ya ule uliochukua kwa wingi.

Jambo dogo lenye madhara: usikadirie kila hatua. Rehema akizifanya 10.5 kuwa 11, 8.25 kuwa 8, 4.4 kuwa 4 na 4.5 kuwa 5, atapata 28. Ameongeza theluthi ya alama kutoka hewani. Acha desimali zote mpaka mwisho.

Kazi zikiwa hazijatoka zote

Katikati ya semista huwa una testi moja na asaimenti moja mkononi, basi. Tuseme Rehema ana testi ya kwanza na asaimenti tu: 10.5 + 4.4 = 14.9. Akigawanya kwa 40 anapata asilimia 37 na kuingiwa na hofu bure, kwa sababu amejipa sifuri kwenye kazi ambazo hajazifanya bado. Agawanye kwa uzito wa kazi zilizokwisha kufanyika, yaani 15 + 5 = 20. Hapo anapata asilimia 74.5, ambayo ndiyo hali yake halisi kwa wakati huo.

Lakini kazi ambayo tarehe yake imepita na hukuikusanya si kazi ambayo haijatoka. Hiyo ni sifuri, na uzito wake unaingia kwenye hesabu. Watu hujidanganya hapa kwa kuiacha pembeni. Kama ulikosa testi kwa ugonjwa au msiba, peleka cheti cha hospitali au uthibitisho wako idarani haraka, ukiwa kwa maandishi, na ubaki na nakala. Mpaka hapo utakapokubaliwa kufanya testi nyingine, iandike sifuri.

Unahitaji ngapi kwenye UE?

Hili ndilo swali lililotuleta. Chukua mpaka wa daraja unalolitaka, toa CA yako, gawanya kwa uzito wa UE, zidisha kwa 100.

Kwa shahada ya kwanza Mlimani, A inaanzia 70, B+ 60, B 50, na C, ambayo ndiyo mpaka wa kufaulu, 40. Vyuo vingine vina mipaka yake, tena A inaweza kuanzia juu zaidi, kwa hiyo weka ya chuo chako. Kwa Rehema mwenye 27.65:

A: (70 − 27.65) ÷ 60 × 100 = 70.6
B+: (60 − 27.65) ÷ 60 × 100 = 53.9
B: (50 − 27.65) ÷ 60 × 100 = 37.3

Akitaka A, lazima apate 71 kati ya 100 kwenye mtihani. Angetumia ile CA ya uongo ya 30.3, hesabu ingemwambia 66.2, akajiwekea lengo la 67 na kulifikia. Matokeo: 67 × 0.6 = 40.2, ukijumlisha na 27.65 unapata 67.85. B+. Amefanya alichopanga, na bado ameikosa A, kwa sababu mpango ulijengwa kwenye wastani usio wake.

Mwenye CA ndogo naye anastahili namba za kweli, hata kama zinauma. Tuseme una 12 kati ya 40. A inakutaka 96.7 kwenye UE. B inakutaka 63.3. C inakutaka 46.7. Ukiziona hizo, unajua kwamba kukimbizana na A kwenye kozi hii ni kuzinyang'anya kozi nyingine muda, ila B bado ipo mezani, na sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli) inaweza kuepukwa kwa kusoma kwa utulivu. Namba ya aina hii inanipa nguvu kuliko maneno ya kutiana moyo, kwa kuwa inaonyesha mahali pa kuweka mguu.

Kagua pia kanuni za mitihani za chuo chako kuhusu viwango vya chini. Kuna vyuo ambavyo huruhusiwi kuingia UE bila kufikisha CA fulani, na vingine vinataka UE yenyewe ifikie kiwango hata kama jumla inatosha. Masharti hayo hayaonekani kwenye kalkuleta.

Na ukiwa umekaa juu ya mpaka, 69.5 kwa mfano, usijipe A kwa matumaini ya kupandishwa. Hilo ni uamuzi wa chuo. Panga kwa 70 kamili.

Alama moja ina thamani gani?

Sehemu hii watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua uzito wa kazi, gawanya kwa alama zake kamili. Utapata alama moja ya kazi hiyo inaongeza nini kwenye jumla ya mwisho.

Kwenye kozi ya Rehema, alama moja ya testi ya kwanza ni 15 ÷ 30, yaani 0.5. Ya testi ya pili ni 0.375. Ya kazi ya kikundi ni 0.25. Ya asaimenti ni 0.1 tu. Ya UE, ikiwa karatasi ina alama 100, ni 0.6.

Sasa fikiria usiku mzima aliotumia kupamba asaimenti: kubadilisha mwandiko, kwenda steshenari kuchapa jalada la rangi, kurudi tena kwa sababu jedwali limekatika. Tuseme juhudi zote hizo zimempandisha kutoka 44 hadi 48. Amepata 0.4. Usiku huo huo ungemsaidia kuelewa mada moja aliyoiogopa na kumpandisha alama tano kwenye UE, angepata 3. Hata alama sita zaidi kwenye testi ya pili, kutoka 22 hadi 28, zingemletea 2.25.

Usitoe hapo hitimisho kwamba asaimenti haina maana. Ni kinyume chake kwa yule anayefikiria kuiacha kabisa. Rehema asingeikusanya, angepoteza 4.4, na ili kuzirudisha angehitaji 4.4 ÷ 0.6, yaani alama 7.3 zaidi kwenye UE, chini ya saa ya ukutani na macho ya wasimamizi. Asaimenti unaifanya ukiwa na vitabu, na marafiki, na muda. Hizo ni alama za bei nafuu. Ifanye vizuri, ifikishe kwenye kiwango kizuri, kisha iachie hapo, uhamie kwenye kitu kizito.

Kukosa testi ni balaa la aina nyingine. Bila testi ya pili CA yake ingebaki 19.4, na A ingemtaka 84.3 kwenye UE.

Kwizi, "bora tatu", na mambo madogo

Wahadhiri wengine hutoa kwizi nne na kuchukua tatu bora. Ukipata 4, 8, 7 na 9, kila moja juu ya 10, na zote kwa pamoja zina uzito 5, unaiondoa ile 4: 24 ÷ 30 × 5 = 4. Bila kuiondoa ungepata 3.5. Kama kwizi zina alama kamili tofauti, linganisha asilimia kabla ya kuondoa: 9 kati ya 15 ni ndogo kuliko 8 kati ya 10, ingawa 9 inaonekana kubwa. Uliza pia kama kila kwizi inageuzwa asilimia kwanza ndipo wastani uchukuliwe, maana majibu hutofautiana kidogo.

Alama za ziada, mhadhiri akizitoa, huingia juu ya jumla bila kuongeza uzito. Mahudhurio hukokotolewa kama kazi nyingine yoyote: vipindi ulivyohudhuria juu ya vipindi vyote.

Kuiweka kwenye simu au kompyuta

Karatasi inatosha kwa kozi moja. Kwa kozi tano au sita, tengeneza jedwali kwenye Excel au Google Sheets. Safu ya A iwe jina la kazi, B alama ulizopata, C alama kamili, D uzito. Kazi nne zikae mstari wa 2 hadi wa 5. Kwenye B7 andika:

=SUMPRODUCT(B2:B5/C2:C5,D2:D5)

Inafanya ile gawanya-zidisha kwa kila mstari na kujumlisha. Kwa Rehema itatoa 27.65. Ikitoa kitu kingine, umekosea kuingiza namba mahali. Kwenye B8 weka unachohitaji UE kwa ajili ya A:

=(70-B7)/60*100

Kwa hali ya katikati ya semista, weka uzito na alama kamili za kazi zote, acha wazi sanduku la B kwa kazi ambazo hazijatoka, na utumie hii:

=SUMPRODUCT(B2:B5/C2:C5,D2:D5)/SUMIF(B2:B5,"<>",D2:D5)

Ile sehemu ya mwisho inajumlisha uzito wa mistari yenye alama tu. Kwa hiyo kazi uliyoikosa andika 0 kwa mkono wako, usiiache wazi.

CA ikibandikwa

Karatasi ya CA ikitoka, ubaoni au kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ilinganishe na yako mstari kwa mstari. Makosa hutokea: namba ya usajili iliyorukwa, testi iliyoingizwa kwa jirani yako kwenye orodha, alama ya kikundi iliyokosa jina lako. Ndiyo maana karatasi za testi ulizorudishiwa hazitupwi mpaka matokeo ya mwisho yatoke. Ukiona tofauti, nenda kwa mhadhiri na karatasi yenyewe mkononi, kabla ya UE, na umwonyeshe hesabu: "Mwalimu, testi ya pili nina 22 kati ya 40, kwa 15 inatoa 8.25, hapa naona 5.25." Mazungumzo ya namna hiyo huisha kwa dakika mbili. Ukienda na "naona CA yangu ni ndogo", hajui aanzie wapi.

Kutoka kozi moja hadi GPA

GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako zote, ni hesabu ile ile, ila uzito sasa ni krediti za kozi. Kwenye mfumo wa pointi tano unaotumika Mlimani, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha pointi kwa krediti za kila kozi, jumlisha, gawanya kwa krediti zote. Kozi ya krediti 12 yenye A, nyingine ya 12 yenye B, na mbili za 8 zenye B+: 60 + 36 + 32 + 32 = 160, ukigawanya kwa 40 unapata 4.0. Ukiihamisha ile A kwenye kozi ya krediti 8, na B+ moja ikaenda kwenye ya 12, jumla inakuwa 156, GPA 3.9. Herufi ni zile zile.

Na kosa la wastani hurudi tena mwisho wa mwaka. Semista ya kwanza umepata 4.0 kwa krediti 40, ya pili 3.4 kwa krediti 60. Wengi watasema 3.7. Rudi kwenye pointi: 160 + 204 = 364, gawanya kwa 100, unapata 3.64. Kwa anayelinda 3.5 ya daraja la pili la juu, au anayeitafuta 4.4 ya daraja la kwanza, tofauti ya aina hiyo inaweza kumweka upande mwingine wa mstari. Kwa hiyo kwenye jedwali lako, pembeni ya GPA ya kila semista, weka safu mbili zaidi, jumla ya pointi na jumla ya krediti, na ukokotoe ya mwaka kutoka huko.